Meza Moja, Makarani Wengi: Mgao wa Kumbukumbu katika Seva ya Pamoja



Mwananchi anapofika dirishani kulipia leseni ya biashara na kujibiwa kuwa "mtandao hakuna", hudhani kwamba waya umekatika au mashine imechakaa. Lakini yapo mazingira ambamo mtandao upo na mashine ni nzima. Kinachokosekana ni mgao mzuri wa kumbukumbu ndani ya seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia ofisi nyingi kwa wakati mmoja.

Seva ina hifadhi za aina mbili. Diski hutunza taarifa kwa muda mrefu, mfano wa makabati ya masijala. Kumbukumbu ya muda ni meza ya karani: jalada lililo mezani husomwa papo hapo, lakini lililo kabatini sharti lifuatwe. Kanzidata, ambayo ni programu ya kutunza na kutafuta taarifa, huwa na kasi pale majalada yanayoulizwa mara kwa mara yanapokuwa mezani.

Tatizo huanza meza inapokuwa ya makarani wengi. Katika seva ya pamoja, kanzidata huishi na programu ya malipo, barua pepe na mfumo endeshi wenyewe. Ikipewa nafasi finyu, kila swali huilazimu kwenda kabatini, na foleni hurefuka. Ikipewa nafasi kupita kiasi, programu nyingine hukosa pa kufanyia kazi. Mfumo endeshi huanza kuhamishia diskini vilivyokuwa kwenye kumbukumbu, na huduma zote huzorota. Hali ikizidi, mfumo endeshi wa Linux huchagua programu moja na kuizima ili nyingine zisalimike. Mara nyingi huzimwa ile iliyoshika nafasi kubwa zaidi, ambayo huweza kuwa kanzidata yenyewe.

PostgreSQL, kanzidata isiyolipiwa leseni, ni mfano mzuri. Inaposakinishwa hujitengea megabaiti 128 tu za kumbukumbu ya pamoja. Mwongozo wake hushauri kuanzia robo ya kumbukumbu yote, iwapo seva ni ya kanzidata pekee. Kwa seva ya gigabaiti 16, robo hiyo ni gigabaiti 4. Seva ikiwa ya pamoja, ni busara kutenga kwanza mahitaji ya programu nyingine, kisha robo ihesabiwe kwenye kilichobaki.

Upo mgao wa pili, wa kupanga na kulinganisha taarifa, ambao kwa kawaida ni megabaiti 4 kwa kila kazi. Fundi akiupandisha hadi 64, na watumiaji 100 wakafanya kazi moja moja kwa pamoja, huweza kuhitajika megabaiti 6,400. Tena ombi moja laweza kuwa na kazi kadhaa za namna hiyo. Ndiyo maana mfumo uliokuwa mwepesi asubuhi tulivu waweza kuanguka siku ya mwisho ya malipo.

Seva mpya hununuliwa kwa fedha za umma, fedha zilezile zinazosubiriwa na zahanati na visima. Kabla ya kununua, fundi apime mambo matatu saa za msongamano: kumbukumbu inayotumika, kiasi kinachohamishiwa diskini, na idadi ya watumiaji waliounganishwa. Abadili kipimo kimoja kwa wakati, afuatilie matokeo kwa siku kadhaa na kuyaandika. Mgao wa kumbukumbu ya pamoja ubadilishwe baada ya saa za kazi, kwa kuwa kanzidata hulazimika kuzimwa na kuwashwa upya.

Vipimo vikionyesha kuwa nafasi haitoshi hata baada ya kugawanywa vyema, ununuzi una haki yake. Mkazi atakayeambiwa katika mkutano wa kata kwamba seva imezeeka ana swali moja la kuuliza: imepimwa?