Aliyepokea Simu

Somo: Yakobo 3:9-10

Najua wengine wenu mko jikoni saa hii, na wengine mwajitayarisha kwenda kazini. Leo nataka tuzungumze juu ya simu, hasa simu isiyofanya kazi.

Nilipokuwa mtoto palikuwa na kibanda cha simu karibu na soko letu. Watu walipanga foleni, sarafu mkononi. Mara nyingi lile sanduku lilimeza sarafu na sauti isisikike. Basi mtu alilipiga ngumi, akalipiga tena kwa kiganja, kisha akaenda zake akinung'unika. Sanduku halikuumia.

Siku hizi simu imo mfukoni, na tangu mwaka wa 2007 Wakenya twatumiana hata fedha kwa simu. Kwa hiyo mtandao ukipotea, si mazungumzo tu yanayokatika. Mama wa sokoni halipwi, abiria hana nauli, mgonjwa hapati dawa. Asidhani mtu kwamba hasira ya siku kama hiyo haina sababu.

Ijumaa moja jioni jamaa mmoja wa kanisa letu walikuwa mochari, wakingoja kumalizia malipo ili mwili wa mzee wao uchukuliwe kwa mazishi ya kesho yake. Mchango wa kanisa ulikuwa katika simu yangu. Nikautuma. Fedha zikatoka kwangu, lakini kwao hazikufika. Nikaipigia kampuni ile, upande wa huduma kwa wateja. Bonyeza moja, bonyeza mbili, kisha muziki, kisha sauti ya kuniambia kwamba mimi ni mteja wa maana sana. Dakika arobaini nilisikiliza muziki ule, na mpaka leo siupendi.

Hatimaye binti mmoja akapokea. Nikamwambia mimi ni mchungaji, nikidhani cheo kitaharakisha mambo. Kisha nikamwita mwizi, nikamwuliza kama alikwenda shule. Mengine sitayarudia hapa redioni. Naye akawa anajibu, "Pole sana, Mchungaji. Tunalishughulikia, Mchungaji." Kila nilipomtukana, alinijibu kwa jina la kazi yangu.

Ndugu zangu, Yakobo anashangaa jinsi kinywa kimoja kinavyoweza kumsifu Mungu, na papo hapo kumlaani mtu aliyeumbwa na Mungu huyo kwa sura yake. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi, na kila mara niliwafikiria wasengenyaji wa kanisani. Sikujifikiria mwenyewe nikiwa na simu sikioni.

Tena yule binti alikuwa na kosa gani? Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikalegea Kenya, Tanzania na nchi jirani, na meli ya matengenezo ilibidi iende huko baharini. Sijui ni wahudumu wangapi wa Nairobi waliotukanwa siku zile kwa ajili ya waya ulio chini ya maji, mbali kiasi hicho. Mhudumu hauoni waya. Mbele yake ana maandishi tu, masikioni ana ghadhabu yetu, na akimaliza simu moja huingia nyingine. Lile sanduku la sokoni lilikuwa la chuma. Huyu ni mtoto wa mtu.

Sisemi Mkristo anyamaze. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 yampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora wa kufaa, na fidia apatapo hasara kwa sababu ya kasoro. Tunza ujumbe wa malipo, iandikie kampuni, na usipojibiwa peleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Yule mjane wa Luka 18 hakunyamaza. Alimwendea kadhi tena na tena mpaka kadhi akachoka naye. Lakini alimwendea kadhi mwenyewe. Hatusomi kwamba alimtukana bawabu wake.

Fedha zilifika saa tatu usiku, na mzee tukamzika Jumamosi. Jumatatu nikaipiga namba ile tena, safari hii ili nimwombe yule binti radhi. Akapokea kijana wa kiume. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema wahudumu ni wengi, hawezi kujua alikuwa yupi, lakini ataliandika. Kisha akaniuliza kama nilikuwa na tatizo lingine la kusaidiwa.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wamjua binti yule. Mimi sikumwuliza hata jina lake. Umlinde aendapo na arudipo kutoka zamu ya usiku. Uwakumbuke na wale wanaongoja mochari jioni ya leo, na fedha hazijafika. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.