Shahidi Aliyemo Ndani ya Bomba la Moshi

Mtu mwenye gari la siku nyingi katika mji huu wa Dar es Salaam, awe ni dereva wa teksi angojaye abiria pale Mnazi Mmoja, au mwalimu aliyedunduliza akiba yake hata akaagiza Toyota IST kutoka Japani, hapana budi siku moja ataiona ile taa ndogo ya manjano yenye sura ya injini ikiwaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika. Na aghalabu fundi wa kwanza atakayemwendea atamwambia, bila ya kufungua hata boneti, kwamba sensa ya oksijeni imekufa, na aende Kariakoo akatafute nyingine. Nia yangu jioni ya leo ni kukitetea kifaa hicho kidogo, kwa kuwa naona kinadhulumiwa, na dhuluma hiyo humrudia mwenye gari mfukoni mwake.

Kwanza yafaa tujue kazi yake. Sensa hii hufungwa kwa hesi katika bomba la moshi, ncha yake ikiwa ndani ya moshi wenyewe, na katika ncha hiyo mna kauri ya zirkonia iliyopakwa utando mwembamba wa platini ndani na nje. Upande mmoja wa kauri huguswa na moshi, upande wa pili huguswa na hewa safi; na kauri ikishapata joto la nyuzi 300 na kitu za Selsiasi, tofauti ya oksijeni iliyopo baina ya pande hizo mbili huzaa umeme mchache mno, kama volti 0.9 hivi petroli inapozidi, na kama volti 0.1 hewa inapozidi. Kompyuta ya gari huusoma umeme huo mara kwa mara, ikapunguza petroli au ikaongeza, mradi kila kilo moja ya petroli iunguzwe kwa kilo 14.7 za hewa. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoitoa sensa ya namna hii mwaka 1976, ikafungwa katika magari ya Volvo yaliyopelekwa California, ambako sheria za kuchunga hewa zilikuwa kali kuliko mahali pengi ulimwenguni.

Na mizani hiyo ya 14.7 haikuwekwa kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta peke yake. Chini ya gari mna kile chombo ambacho mafundi wetu hukiita masega, chenye vitundu vingi vilivyopakwa madini ya thamani, ambacho huugeuza moshi wenye sumu ukawa na madhara machache. Na masega hayawezi kuisafisha kaboni monoksidi, mvuke wa petroli isiyoungua na gesi za naitrojeni, zote tatu kwa pamoja, ila mchanganyiko wa hewa na petroli uwe karibu sana na kipimo hicho. Apitaye Mtaa wa Kongo au Msimbazi saa kumi na moja za jioni, magari yakiwa yamesimama safu kwa safu na injini zikinguruma, na akawatazama wamachinga walioketi kando ya njia, vichwa vyao vikikaribiana kimo na mabomba ya magari hayo, hatauliza tena jambo hili lina maana gani kwa mtu asiye na gari.

Sasa nirudi kwenye dhuluma niliyoitaja. Sensa ya oksijeni ni shahidi: kazi yake ni kueleza alichokiona ndani ya moshi, na taa inapowaka, mara nyingi huwa ameeleza kweli, walakini sisi tunamtoa shahidi tukamweka mwingine, na yule mpya, baada ya siku chache, hutoa ushahidi ule ule. Mashine ya kupimia, ile ichomekwayo kwenye kompyuta ya gari, ikionyesha alama ya P0171, maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli. Na hewa yaweza kuzidi kwa sababu mpira wa kuvutia hewa umepasuka, au kifaa cha kupima hewa iingiayo kimeshika vumbi, au pampu ya mafuta imedhoofika, au bomba la moshi limetoboka mbele ya sensa likawa linavuta hewa ya nje. Kadhalika alama ya P0420 huja pale sensa ya pili, ile iliyo nyuma ya masega, inapoarifu kwamba moshi utokao haukusafishwa. Na lau masega yenyewe yameziba, au yaling'olewa na kuuzwa kwa ajili ya platini na paladi iliyomo, sensa mpya itasaidia nini? Wapo wanaoichomekea sensa hiyo ya nyuma kipande cha chuma ili ikae mbali na moshi na taa izimike. Kitendo hicho mimi nakiita hadaa, maana gari huendelea kutoa sumu ilhali mwenyewe ameridhika kwamba limepona.

Hata hivyo, zipo siku ambazo shahidi mwenyewe ni mgonjwa kweli. Sensa za zamani zilikuwa na waya mmoja tu, zikipata joto kutoka kwa moshi peke yake, na maisha yake yalikuwa mafupi. Zilizofuata zimetiwa hita ndani yake ili ziamke upesi, na hizo huweza kutumika kilomita 100,000 na kupita. Alama ya P0135, au P0141 kwa sensa ya nyuma, huihusu hita hiyo, na hapa fundi mwenye mita anaweza kupata yakini kwa dakika moja: achomoe soketi, apime nyaya mbili za hita, na mita isiposoma chochote, hita imekatika, ikisoma sawa, ndipo ageukie fyuzi na nyaya za gari. Sensa huuawa pia na oili inayoungua ndani ya injini iliyochoka, na maji ya rejeta yanayovuja kwenye silinda, na gundi ya silikoni isiyofaa ambayo mafundi hupaka kwenye gasketi kwa ukarimu uliopita kiasi. Petroli yenye risasi nayo ilikuwa sumu yake kubwa, mpaka nchi za Afrika kusini ya Sahara zilipoiacha kufikia Januari 2006. Kwa hiyo injini inywayo oili itengenezwe kwanza, kisha sensa inunuliwe, la sivyo mpya itakwenda njia ya ile ya zamani.

Twende basi madukani, Gerezani na mitaa ya Kariakoo, ambako vioo vimejaa maboksi na muuzaji huuliza, "Gari gani?" Jibu la "IST" halitoshi. IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ yenye ujazo wa lita 1.3, na NCP61 ina injini ya 1NZ ya lita 1.5, ilhali kwa nje magari hayo hufanana kama pacha. Basi mtu achukue namba ya chesisi, na iliyo bora zaidi, aichukue sensa ya zamani mkononi aisome namba yake. Katika spea za Toyota, namba ianzayo na 89465 ni ya sensa ya oksijeni ya kawaida, na ianzayo na 89467 ni ya sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo husema na kompyuta kwa namna nyingine kabisa. Zote mbili zaweza kuwa na nyaya nne, na hesi inayolingana, na moja haiwezi kushika kazi ya nyingine hata siku moja. Mfanano wa sura umewatia watu wengi katika hasara.

Zipo pia sensa za kuunganisha waya kwa waya, ambazo bei yake ni nafuu, na katika hizo hadhari inatakiwa zaidi: katika sensa za Denso kwa kawaida nyaya mbili nyeusi ndizo za hita, bluu ni ya ishara na nyeupe ni ya ardhi, ambapo katika za Bosch nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni ya ishara na ya kijivu ni ya ardhi. Fundi anayefuata rangi kwa rangi, nyeusi na nyeusi, nyeupe na nyeupe, atakuwa ameupeleka umeme wa betri mahali pasipopaswa. Mimi, kwa rai yangu, namshauri mwenye gari apendelee ile yenye soketi yake kamili. Na ile ya mtumba, iliyong'olewa katika gari lililokatwakatwa, siipendi: kifaa kinachochakaa kwa kutumika, ambacho hakuna ajuaye kimekwenda kilomita ngapi, hakina unafuu wowote. Tena mnunuzi adai risiti ya mashine, kwa kuwa kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani, na asiye na risiti hana la kushika atakapokwenda kulalamika.

Kazi ya kufunga yenyewe si ndefu. Sensa ya zamani hulegea kwa urahisi bomba likiwa na vuguvugu, kwa spana ya namba 22, na ile yenye mwanya wa kupitishia waya ndiyo iliyo bora. Mpya ipakwe dawa ya hesi kwenye hesi tu, wala ncha isiguswe na mafuta. Soketi isitiwe grisi na nyaya zisiunganishwe kwa risasi ya moto, maana katika sensa nyingi hewa safi ya kulinganishia hupenya kupitia ndani ya nyaya zenyewe. Kisha fundi afute kumbukumbu ya kompyuta, gari liendeshwe mpaka injini ipate moto sawasawa, kwa kwenda Buguruni na kurudi, na mashine ya kupimia ichomekwe tena mbele ya mwenye gari kabla fundi hajamaliziwa ujira wake.