Mzigo Unapozuiliwa na Forodha

Ndugu wananchi wa Kata ya Sirari,

Wengi wetu huvuka kwenda Isebania kutafuta riziki. Mzigo ukizuiliwa, tusiharakishe kutia saini ili tuwahi basi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kosa kufifilishwa, yaani kumalizwa kwa malipo bila kesi. Lakini sharti mhusika akiri kwa maandishi, na amri hiyo haikatiwi rufaa. Asiyekubali kosa halazimiki kukiri.

Upekuzi nao una mipaka: mwanamke hupekuliwa na mwanamke tu.

Uamuzi mwingine hupingwa kwa maandishi kwa Kamishna ndani ya siku 30. Asipojibu ndani ya siku 30 tangu alipopokea ombi na maelezo aliyoyahitaji, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Tunzeni nakala yenye muhuri wa mapokezi.