Gari Letu Lilivyokuwa Linavuta Kuume
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Baraka)



Nimeombwa nieleze habari ya Hiace yetu. Wote munajua ilikuwa inavuta kuume. Shofa akilegeza mikono kidogo, inaenda yenyewe. Na ukitoka hapa kwenda Uvira, ziwa liko kuume. Nyuma amelala mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Pine ya mbele ya kuume ikaisha ukingo wa nje, ndani bado nzima. Tukanunua ingine. Miezi miwili, ikaisha vilevile. Hapo njo maneno yakaanza: shofa anakunywa, shofa ameuza pine mpya akaweka ya zamani. Kamati ikakata mshahara wake alipe. Na mimi nilisaini ile karatasi. Nimesoma chuo kikuu, lakini sikuinama hata mara moja kuangalia chini ya gari.

Fundi wa Uvira njo aliinama. Kwanza akapima upepo, sababu pine yenye upepo kidogo huvuta gari upande wake. Ulikuwa sawa. Akabadilishana pine za mbele, ya kuume kushoto, ya kushoto kuume. Gari likaendelea kuvuta kuume, basi kosa si pine. Baada ya kuliendesha akagusa rimu; breki ikishika, upande ule unakuwa moto. Hapana. Ndipo akaona: kile chuma cha chini kinachoshika gurudumu kimepinda. Gurudumu limeegama, kichwa nje, mguu ndani. Likiegama hivyo linavuta gari upande wake na kula pine ukingo wa nje.

Ni lile shimo tulilopiga siku ya kupeleka mbegu. Mimi nilikuwa ndani, nikimwambia shofa aongeze mbio, giza linaingia.

Chuma kikabadilishwa kwanza, kisha njo wakafanya ile kazi garaji zetu zinaita paralelisimu. Ukiifanya vyuma vikiwa vimepinda au vinacheza, umetupa pesa. Fundi hana mashine. Kuegama alikupima kwa timazi, ile ya mwashi. Halafu akapima umbali kati ya pine mbili za mbele, upande wao wa mbele na upande wao wa nyuma. Hapo milimita chache zikipotea zinatosha kumaliza pine.

Wafadhili, samahani: katika bajeti kuna mstari wa pine, hakuna mstari wa garaji. Njo maana tulikimbilia kununua pine.

Sasa ombi langu kwa kamati. Zile pesa shofa alizokatwa zirudishwe zote, leo, kabla hatujafungua hesabu ya mbegu. Nusu ninalipa mimi. Ziko ndani ya hii bahasha.