Lori Letu, Mafuriko na Bima

(Hotuba ya Kamati ya Usafirishaji, iliyosomwa mbele ya wanachama huko Usa River katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumepewa nafasi fupi katika siku hii ya furaha, nasi tumeona si vyema kuitumia kwa kujisifu. Wenzetu wamekwisha kueleza habari za kahawa, ndizi na maziwa. Sisi twapenda kusema juu ya lori letu dogo la Canter, ambalo wengi wenu mliliona likivutwa kwa mnyororo kutoka Kikwe katika masika ya mwaka 2024, na juu ya shilingi 11,350,000 zilizotoka katika mfuko wenu kwa ajili yake. Maneno mengi yalisemwa vijijini kuhusu fedha hizo. Yatupasa kutoa hesabu kwa vinywa vyetu wenyewe.

Mnakumbuka jinsi mvua za El Niño zilivyoanza tangu vuli ya mwaka 2023. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kufa nchini. Siku kumi na tatu kabla ya hapo, jijini Arusha, gari la shule lilichukuliwa na maji korongoni, na watoto wetu wakapoteza maisha. Mbele ya msiba ule lori si kitu, wala hatulinganishi. Twaeleza tu hali ya siku zile.

Ninyi mkaao chini ya Mlima Meru mwajua tabia ya maji yetu. Mlima una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Mvua hunyesha huko juu, na maji hushuka kwa Mto Nduruma, Mto Usa na makorongo yasiyo na jina, yakawakuta watu wa Kikwe na Mbuguni wakianika mahindi juani. Usiku ule lori lilikuwa limeegeshwa penye kituo cha kukusanyia maziwa. Dereva hakuvuka mto wowote, na twamwondolea lawama hadharani. Maji yalilifuata pale lilipolala, yakapanda hata kufunika usukani.

Asubuhi matope yalipotulia, vijana wetu wenye moyo mwema walilisukuma hadi pakavu, wakauliza: je, litawaka? Likawashwa. Wawili wetu wa Kamati tulikuwapo, wala hatukukataza. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni zilipopanda zikakutana na maji ndani ya injini, na vyuma vinavyozisukuma vikapinda. Kwa hiyo injini iliyokuwa imelowa tu ikawa imevunjika.

Sasa tuseme juu ya bima. Wazee mnakumbuka zama za Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 na kuachiwa biashara yote ya bima baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hapakuwa na kuchagua. Tangu sheria ya mwaka 1996 kampuni ni nyingi, na kila moja ina karatasi zake. Bima ndogo, ile ya lazima kwa kila gari, hulipa madhara tunayowafanyia watu wengine. Gari lako likizama, haina neno kwako. Bima kubwa hulitazama gari lenyewe, lakini katika mikataba mingine mafuriko yametolewa, na mwenye gari hana budi kuomba yaandikwe na kuongeza ada. Kwa bahati njema karani wetu alikuwa ameomba, na mafuriko yalikuwamo.

Yaliyokosekana yalikuwa mambo mengine. Lori lilinunuliwa likiwa na bodi wazi ya kawaida. Sisi tukalipandisha ubavu wa bodi kwa vyuma, tukaongeza springi za nyuma, tukafunga tangi la maziwa la lita 2,000 pamoja na pampu yake. Gharama ilikuwa shilingi 13,000,000, na kazi ilikuwa nzuri. Lakini kadi ya gari haikubadilishwa, na fomu ya bima ilijazwa kama lori lilivyotoka kwa mwuzaji, thamani yake shilingi 40,000,000. Hatukusahau. Tulikaa tukapiga hesabu, tukaona kwamba tukisema yote ada itapanda kwa kama laki tano kwa mwaka, tukanyamaza. Mwaka ule tulijiona wachumi.

Mkadiriaji wa hasara alipofika alishika kadi kwa mkono mmoja na kulizunguka lori mara mbili. Kisha akauliza, “Tangi hili ni la nani?”

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba mkataba wa bima umesimama juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Anayeomba bima hupaswa kutaja kila jambo linaloweza kubadili hatari au ada; akificha, kampuni yaweza kuufuta mkataba wote. Tulihofu hivyo. Tukajitetea kwamba maji hayakuja kwa sababu ya springi wala tangi. Lori la bodi wazi lingezama vilevile. Kampuni ilikubali kutoufuta mkataba, lakini ikasema kwamba kitu kisichoandikwa hakilipwi. Hatukuona kosa katika neno hilo, na ndiyo maana hatukupeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ingawa baadhi yenu mlituhimiza.

Hesabu yenyewe ni hii. Matengenezo yote yalikuwa shilingi 19,000,000. Tangi, pampu na bodi, shilingi 6,000,000, hazikulipwa hata senti. Nyaya na chumba cha dereva, shilingi 4,000,000, zilikubaliwa. Injini ilikuwa shilingi 9,000,000. Kampuni ikasema tuliivunja wenyewe kwa kuiwasha, nasi tukasema maji yalikwisha kuingia. Baada ya miezi mitatu ya barua tulikutana katikati. Katika jumla ya 8,500,000 iliyokubaliwa, asilimia 10 huachwa juu ya mwenye gari kwa mujibu wa mkataba. Tukapokea 7,650,000. Zilizobaki ndizo mlizolipa ninyi.

Kama tungeliliacha lori pale pale, tukafungua nyaya za betri, tukapiga picha alama ya maji ubavuni, tukapeleka habari polisi na kwa kampuni siku ile ile, labda injini yote ingelipwa. Twalisema hili kwa ajili ya ninyi wenye magari yenu. Wapo hapa wenye Noah zilizoongezwa viti na kuandikishwa kuwa za matumizi binafsi, nazo hubeba abiria kila siku ya soko Tengeru. Wapo wenye pikapu zilizonyanyuliwa. Hatuwanyoshei kidole, tulifanya vivyo hivyo.

Lori sasa limekaguliwa, bodi na tangi vimeingizwa katika kadi, na thamani iliyokatiwa bima ni shilingi 53,000,000. Ada imepanda, na hii ndiyo sababu ya pendekezo la kukata shilingi mbili zaidi kwa kila lita ya maziwa. Twajua halipendwi. Litapigiwa kura katika Mkutano Mkuu, nanyi mna uhuru wa kulikataa.

Karani wa bima atakaa ofisini kila Jumanne hadi masika yaanze, asome mikataba pamoja na mwanachama yeyote mwenye gari au pikipiki. Mwanachama aje na kadi ya gari na mkataba wenyewe, si risiti peke yake.