Mtoto wa Maskini Si Yatima

Wakristo wawili wa Marekani, mume na mke, walimuasili binti wa Uganda wakiamini kuwa hana wa kumtunza. Alipokwisha kujua Kiingereza, aliwasimulia habari za mama yake, ambaye alikuwa ameahidiwa masomo ya mwanawe tu. Mwaka 2016 wakamrudisha kwa mama huyo. Huo, kwa maoni yetu, ndio upendo wa Kikristo.

Tangu mwaka huohuo sheria inamtaka mgeni akae Uganda na kumlea mtoto mwaka mmoja kabla ya kumuasili. Mfadhili mwenye karo na ailipe papa hapa. Akija mtu na karatasi za kutiwa dole gumba, au akimvusha mtoto Busia usiku, pigeni 116, bila malipo.