Amana ya Mfanyabiashara na Afya ya Mtoto

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Enyi ndugu Waislamu, Uislamu uliingia Rwanda pamoja na biashara. Watu wa pwani walifika na bidhaa zao na dini yao; na dini ya mtu hujulikana kwa mizani yake.

Leo biashara imepanuka. Kigali haina bahari, na dawa nyingi za watoto hutoka ng'ambo. Mama anunuaye chupa hamjui aliyeichanganya. Yeye humwamini muuzaji, muuzaji humwamini wakala, na wakala humwamini mwenye kiwanda. Mnyororo huo wote ni amana. Ukikatika, aangukaye ni mtoto.

Ndivyo ilivyokuwa Gambia mwaka 2022. Watoto wapatao 70 walifariki baada ya figo zao kushindwa kufanya kazi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo, Shirika la Afya Duniani lilitoa hadhari juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizotengenezwa India, likitangaza kwamba vipimo vimeonyesha mna sumu iitwayo diethilini glikoli. Sumu hiyo haina rangi, ladha yake ni tamu, na bei yake ni ndogo kuliko ya kiyeyushio halali. Mwaka huo huo dawa za namna hiyo zilileta msiba Indonesia na Uzbekistan. Waliokufa katika nchi hizo tatu walizidi 300, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Mutaffifin, imewaonya wapunjao vipimo. Wako wadhanio kwamba onyo hilo ni la kibaba cha mchele tu. La! Atiaye kiyeyushio cha sumu ili apate faida amepunja vile vile, na deni lake hulipwa na mtoto asiyemjua, katika nchi asiyopata kuiona.

Rwanda iliunda mamlaka yake ya chakula na dawa kwa sheria ya mwaka 2018, na Julai 2022 Umoja wa Afrika uliichagua iwe makao ya Wakala wa Dawa wa Afrika. Hiyo ni heshima kubwa. Walakini mamlaka haiwezi kusimama mlangoni pa kila duka. Basi yampasa mwenye duka la dawa asipokee mzigo asioujua utokako, ijapokuwa bei yake ni nafuu. Na mzazi asinunue dawa barabarani. Na mtoto akinywa dawa kisha mkojo ukapungua au ukakatika, amkimbize hospitali, na chupa aichukue mkononi.

Mwenyezi Mungu awajaalie wafanyabiashara uaminifu, na awahifadhi watoto wa kila nchi. Amin.